KICC na vita vya anga ya Nairobi

Noti zote za Kenya zilizozinduliwa mwaka 2019 zina picha ya jengo moja: Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, KICC. Katiba ya 2010 ilikuwa imekataza fedha kubeba sura ya mtu yeyote, na jumba hilo likashika nafasi ya marais.

Awali halikukusudiwa kuwa refu. Chama tawala, KANU, kilihitaji makao makuu ya orofa chache tu. Wachoraji walikuwa Karl Henrik Nøstvik, msanifu kutoka Norway, na David Mutiso, Mwafrika wa kwanza kuwa msanifu majengo nchini Kenya. Rais Jomo Kenyatta akataka kimo kiongezwe. Kisha Nairobi ikapewa mkutano wa Benki ya Dunia na IMF wa 1973, ikabidi kumbi za kupokea dunia nzima ziongezwe. Mwaka huohuo jumba likafunguliwa: orofa 28, mita 105, rangi ya udongo mwekundu, madirisha yakiwa yamezama ndani ya kuta ili kukwepa jua kali.

Mwaka 1989 KANU ilitaka kupanda juu zaidi. Ilipanga mnara wa orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, mahali wakazi wa jiji walipokuwa wakipumzika bila kulipa. Mtetezi wa mazingira, Profesa Wangari Maathai, akapinga kwa barua na mahakamani. Wabunge walimkejeli, kesi ikatupwa, lakini kelele zake ziliwafikia wafadhili ng'ambo, nao wakajitoa. Mnara haukujengwa.

KICC yenyewe ilikuwa mikononi mwa chama hadi 2003, serikali mpya ya muungano wa NARC ilipoirudisha kwa umma.

Majengo mengine yameipita KICC kwa urefu. Times Tower ina mita 140. Huko Upper Hill, mtaa uliokuwa wa nyumba za bustani, Britam Tower ilifikia mita 200 mwaka 2017. Ni ufundi wa kujivunia. Hata hivyo, KICC ina uwanja ambamo watu hukutana, na mgeni yeyote hulipa kiingilio akapanda hadi paani kulitazama jiji.

Kwa hiyo kaunti ya Nairobi isiidhinishe mchoro kwa kuangalia urefu na kodi pekee. Mwekezaji aulizwe kwanza: mpita njia asiye na ofisi humo atapata nini? Uhuru Park ingalipo kwa sababu kuna aliyethubutu kuuliza.