Abasia na ngome za Languedoc

Abasia na ngome za Languedoc ni majengo ya Zama za Kati yanayotembelewa na watalii kusini mwa Ufaransa. Abasia ya Fontfroide, karibu na Narbonne, ilianzishwa mwaka 1093 na kujiunga na shirika la watawa la Wasisteri mwaka 1145. Mmonaki wake Pierre de Castelnau, mjumbe wa Papa, aliuawa mwaka 1208. Kifo hicho kilichochea vita dhidi ya Wakathari, kundi la Kikristo ambalo Kanisa liliwaona kuwa wazushi. Katika vita hivyo, mji wenye ngome wa Carcassonne ulitekwa mwaka 1209, na ngome ya Montségur ikatekwa mwaka 1244. Ngome inayoonekana leo kileleni Montségur ilijengwa baadaye. Carcassonne, iliyokarabatiwa karne ya 19, ni Urithi wa Dunia tangu 1997.