Kifafa: Kutoka Mzizi Hadi Tembe

 Leo tunazungumzia kifafa, na nitaanza na swali nililoulizwa kliniki.

Nyanya mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka 7 akiwa ameungua mkono. Alikuwa ameanguka karibu na mafiga. Nilipouliza habari za tembe, nyanya akatoa kwenye kikapu chupa ya soda yenye maji mekundu ya mizizi. Tembe zilikuwa zimeachwa wiki tatu. Nilitaka kumkemea, sitawaficha. Lakini akaniwahi: "Sista, na hizo tembe zenu, si pia zilitoka kwa miti?"

Nikanyamaza, kwa sababu nyanya hakuwa amekosea sana.

Mwaka 1592, huko Napoli nchini Italia, msomi wa mimea aliyeitwa Fabio Colonna alitoa kitabu. Yeye mwenyewe alikuwa na kifafa, na aliandika kwamba mzizi wa mmea uitwao valeriani ulimponya. Mzizi huo ukikauka hunuka kama soksi zilizovaliwa wiki nzima. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye madaktari wa Ulaya waliwanywesha wagonjwa wa kifafa. Wako waliosema wamepona, na wako waliozidi kuanguka. Hiyo ndiyo taabu ya kifafa, mama. Kinaweza kutulia chenyewe miezi miwili kisha kirudi, na chochote ulichompa mtoto wakati huo ndicho kitakachopata sifa.

Baadaye wanakemia waliuchunguza mzizi huo, wakapata asidi ndani yake wakaiita asidi ya valeriki. Mwaka 1882 Mmarekani Beverly Burton akaunda asidi nyingine ya ukoo huo, asidi ya valproiki. Hakuwa anatafuta dawa ya kifafa. Kwa miaka 80 hivi asidi hiyo ilitumika tu kuyeyushia vitu vingine.

Ikafika mwaka 1962, mjini Grenoble nchini Ufaransa. Mtafiti kijana, Pierre Eymard, alikuwa ameunda vitu vinavyofanana na vile vya khella, mmea wa dawa unaojulikana Misri tangu zamani. Havikuyeyuka vizuri, kwa hiyo vikayeyushwa kwa asidi ile. Vilipojaribiwa kwa wanyama wa maabara, kila kimoja kilizuia kifafa. Kila kimoja! Ndipo wakashtuka: huenda dawa si hivyo vitu, ni ile asidi ya kuyeyushia. Wakaijaribu peke yake, na ikawa hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1963, na mwaka 1967 dawa ikaanza kuuzwa Ufaransa. Hiyo ndiyo valproeti, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Epilim.

Basi nyanya ana haki: ukoo wa dawa hiyo unaanzia kwenye mzizi. Lakini mzizi wenyewe si tembe. Tembe ya miligramu 200 leo ni ile ile kesho. Chupa ya mizizi leo ni nzito, kesho ni nyepesi, na mtoto ni yule yule.

Na hata dawa iliyopimwa hivyo ilikuwa na siri. Ilichukua miaka kujua kwamba valproeti ikimezwa wakati wa mimba, watoto kama 10 kati ya 100 huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 kati ya 100 huweza kuchelewa kukua kiakili. Ndiyo maana msichana au mama anayeweza kushika mimba hutafutiwa kwanza dawa nyingine. Kama tayari unaimeza, usiiache ghafla, njoo kliniki tuzungumze. Sasa niambieni, watoto waliokunywa mzizi wa chupa ile, nani amewahesabu?

Mnaniuliza pia kuhusu bangi. Ni kweli, mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iliyotolewa kwenye mmea huo, kanabidioli, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Hupimwa kwa uzito wa mtoto. Chai ya bangi au moshi wake siyo dawa hiyo.

Tembe zikikatizwa ghafla, kifafa kinaweza kuja mfululizo bila mtoto kuzinduka. Kikipita dakika 5, mkimbize hospitali. Akiwa ameanguka, mlaze kwa ubavu, na usimtie chochote mdomoni, si kijiko wala dawa ya miti, maana atapaliwa.

Nyanya yule sikumnyang'anya chupa. Niliandika jina la mti kwenye kadi ya mtoto, daktari akamrudisha kwenye tembe, nami nikamwomba nyanya aweke alama kwenye kalenda kila mtoto anapoanguka. Mwezi uliofuata alikuja na kalenda yenyewe, ameibandua ukutani na kuikunja kwenye kikapu. Ilikuwa na alama nne za mkaa, tatu kati ya hizo za wiki ya kwanza.