Makaburi ya Mashujaa, Naliendele

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, lakini askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) waliendelea kufia huko hata miaka ya 1980, wakipambana na waasi wa RENAMO. Baadhi yao wamelazwa Naliendele, Mtwara, safari fupi kutoka kata ya Chikongola. Wapo wanaouliza: vita ya jirani ilituhusu nini? Swali hilo si la kubezwa, maana aliyekufa ni kijana aliyetumwa, si aliyetoa amri. Hata hivyo, Mtwara haikuweza kukaa pembeni. Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, ni mto tu. Wamakonde wanaishi ng'ambo zote mbili, na tangu chama cha ukombozi cha Msumbiji, FRELIMO, kianze mapigano dhidi ya Wareno mwaka 1964, mashambulizi yao yaliwahi kufika vijiji vya upande huu. Wakimbizi walipovuka, vita ilikwisha kuingia nyumbani.