Chakula kitamu hutuliza vipi msongo mwilini

Si ajabu kumwona mtu aliyetoka kugombezwa kazini akipitia kibandani kununua mandazi na soda ilhali hana njaa. Wengi huuona huo kuwa ulafi. Hata hivyo, wanasayansi wamebainisha kwamba utamu wa chakula hauishii ulimini, bali hufika hadi kwenye mfumo unaouongoza mwili wakati wa dhiki.

Mtu anapokabiliwa na tishio, liwe mbwa mkali au barua ya kufutwa kazi, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa kemikali inayoiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake. Tezi hiyo nayo hutuma homoni kupitia damu hadi kwa tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ambazo hutoa kotisoli. Homoni hii huongeza sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate nguvu. Kwa kawaida kotisoli yenyewe huuarifu ubongo usitishe shughuli hiyo hatari inapopita. Taabu huanza pale dhiki isipokwisha, kama vile deni au kodi ya nyumba ya kila mwezi. Kotisoli ikikaa juu kwa muda mrefu huchochea hamu ya vyakula vya sukari na mafuta, na kuhimiza mafuta yarundikane tumboni.

Mnamo 2003, Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa nadharia iliyozua mjadala mkubwa. Kwa maoni yao, ulaji huo ni jitihada ya mwili kuutuliza ubongo, kwani katika panya, kadiri mafuta ya tumboni yalivyoongezeka ndivyo kemikali ya msongo katika haipothalamasi ilivyopungua.

Je, kinachotuliza ni nguvu itokanayo na sukari, au ni utamu wenyewe? Jibu lilipatikana mwaka wa 2010 kutoka Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani. Yvonne Ulrich-Lai, James Herman na wenzao waliwapa panya kinywaji kidogo cha sukari mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, pamoja na chakula chao cha kawaida. Panya hao walipobanwa ndani ya bomba finyu, homoni zao za msongo na mapigo ya moyo havikupanda sana kama vya wenzao walionyweshwa maji. Waliopewa sakarini, ambayo ni tamu lakini haina nguvu ya chakula, walitulia vilevile. Lakini sukari ilipoingizwa moja kwa moja tumboni bila kupitia ulimini, haikuleta nafuu hiyo. Aidha, nafuu ilitoweka kwa panya walioharibiwa sehemu ya amigdala, eneo la ubongo linalohusika na hofu na raha.

Yaani raha ndiyo dawa, na kipimo chake ni kidogo mno. Anayemaliza sahani nzima ya keki, kwa hivyo, huenda asipate utulivu kuliko aliyeonja kipande kimoja.

Hayo ni ya panya, na binadamu ana mambo yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliripoti mwaka wa 2014 kwamba watu waliohuzunishwa kwa filamu kisha wakapewa chakula wakipendacho walichangamka, lakini wale ambao hawakupewa chochote walichangamka vilevile baada ya muda mfupi. Huenda basi tunakisifu chakula kwa kazi iliyofanywa na muda. Ikumbukwe pia kuwa utafiti huo ulipima hisia, si homoni.

Kuna upande mwingine wenye kutia wasiwasi. Mwaka wa 2009 ilibainika kwamba panya waliozoeshwa chakula kitamu siku mbili kila wiki walipatwa na hofu kiliponyimwa, huku kemikali ile ile ya msongo ikiongezeka katika amigdala yao. Kilichokuwa kitulizo kikageuka chanzo.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2015 kuwa sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na kwamba ingefaa zaidi iwe chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 au vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huweza kuwa na gramu 30.