Kuipima Redio Nyumbani Kwake

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa redio mjini Tanga. Mteja aliporudi kulalamika kwamba redio iliyotengenezwa jana imeanza tena kukoroma, baba hakubishana naye. Alichukua bisibisi yake akamfuata mpaka nyumbani. "Hapa kibandani inaimba," aliniambia, "lakini haiishi hapa kibandani." Mara nyingi alikuta kosa liko katika umeme wa nyumba ile au katika waya wa antena, wala si katika redio yenyewe.

Mwaka 2003 mikono ya baba ilianza kutetemeka. Wako waliosema amerogwa. Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson, ule ulioelezwa na tabibu Mwingereza James Parkinson mwaka 1817. Lakini lililonitesa zaidi ni hili: kila tulipompeleka kliniki, baba alitembea vizuri katika ukumbi mpana, na daktari akaandika kuwa hajambo. Nyumbani, akifika kwenye mlango wa chumba chake, miguu iliganda kana kwamba imepigiliwa misumari. Tulipoeleza, tulionekana tunatia chumvi. Baba alifariki mwaka 2008. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya maradhi yale, na katika kusoma huko nimekutana na historia ninayotaka kumsimulia msomaji.

Mwili wetu umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli mna maelfu ya aina za protini. Protini ni kama uzi mrefu. Nyingi hujikunja na kupata umbo maalumu, na umbo hilo ndilo huziwezesha kufanya kazi. Mwaka 1997 wataalamu walionyesha kwamba vibonge vinavyokutwa katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson vimejaa protini moja iitwayo alfa-sinukleini. Likazuka swali: protini hiyo, kabla haijaharibika na kugandamana, ina umbo gani?

Chombo cha kulijibia swali hilo kina historia ndefu. Mwaka 1946, nchini Marekani, Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja na wenzake, walitangaza kwamba viini vya baadhi ya atomu, vikiwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu, huitikia mawimbi ya redio. Naam, redio! Kila kiini kina stesheni yake, nayo husogea kidogo kufuatana na atomu zinazokizunguka. Mwenye kusikiliza kwa makini aweza kujua nani anakaa jirani na nani. Mwaka 1952 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka 1957 protini ya kwanza ilipimwa kwa njia hiyo, na katika miaka ya 1980 Kurt Wüthrich wa Zürich, Uswisi, na wenzake wakaweza kuchora umbo zima la protini. Naye alipata Nobel, ya kemia, mwaka 2002.

Hata hivyo, protini hizo zilikuwa zimetolewa ndani ya seli, zikasafishwa, zikatiwa katika kichupa cha maji. Mle kichupani protini hukaa na za aina yake tu. Ndani ya bakteria mambo ni mengine kabisa: katika ujazo wa lita moja mna kiasi cha gramu 300 hadi 400 za protini na molekuli nyingine kubwa. Huo ni msongamano wa siku ya gulio. Je, mtu apitaye uwanjani peke yake hutembea sawa na apitaye gulioni?

Mapema, mwaka 1973, Moon na Richards walisikiliza fosforasi ndani ya seli nyekundu za damu, wakapima kiwango cha asidi humo bila kuzivunja. Lakini walichosikiliza ni molekuli ndogo. Kuisikia protini moja katikati ya maelfu ni kazi nyingine. Mwaka 2001 Zach Serber, Volker Dötsch na wenzao, huko California, walifaulu kwa hila nzuri. Waliwalisha bakteria nitrojeni nzito, namba 15, ambayo katika maumbile haifiki hata nusu ya asilimia moja ya nitrojeni yote, huku wakiwafanya watengeneze kwa wingi protini inayotakiwa. Protini hiyo ikawa na alama, na sauti yake ikasikika juu ya kelele za nyingine.

Mwaka uliofuata kundi la Gary Pielak, huko North Carolina, lilionyesha kwamba protini iitwayo FlgM, ambayo katika maji matupu haina umbo, ndani ya bakteria hai sehemu yake moja hupata umbo. Mwaka 2009 Yutaka Ito na wenzake, nchini Japani, walichora umbo zima la protini ikiwa ndani ya bakteria hai.

Kazi hiyo ina mitego yake. Seli zilizosongamana kichupani hukosa hewa na chakula, nazo hufa. Zikipasuka, protini huvuja, na msikilizaji hudhani anasikia sauti ya ndani kumbe ni ya nje. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu huyachota maji yaliyozizunguka seli akayapima peke yake. Baba angeipenda desturi hiyo.

Turudi kwenye swali letu. Mwaka 2011 kundi moja la Marekani lilitangaza kwamba alfa-sinukleini iliyotolewa kwa upole katika seli za binadamu huonekana imejikunja na kushikamana nne nne. Wengine wakapinga. Mwaka 2016 François-Xavier Theillet, Philipp Selenko na wenzao, mjini Berlin, waliiingiza protini hiyo yenye alama ndani ya seli hai za mamalia, zikiwamo za neva, wakaisikiliza humohumo. Waliikuta ni uzi uliolegea, usio na umbo la kudumu, ila umejikusanya kidogo na kuificha sehemu yake ya katikati, ile iliyo nyepesi kugandamana.

Jibu hilo halijamponya mgonjwa yeyote. Hadi leo dawa zilizopo hupunguza dalili tu. Lakini angalau sasa tunajua jinsi protini hiyo inavyokaa nyumbani kwake kabla ya balaa, na hapo ndipo pa kuanzia.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika mwaka wake wa mwisho, dada yangu, aliyekuwa akiishi na baba, alichora kwa chaki mistari sakafuni, mbele ya mlango ule wa chumba. Baba aliitazama, akainua mguu kuuvuka wa kwanza, kisha wa pili, akaingia ndani bila kushikwa mkono. Dada hakuwa amesoma kitabu chochote cha udaktari. Alikuwa amekaa pale mlangoni siku nyingi, akitazama.