Siropi ya Maua Isiyopikwa kwa Makala

Siku hizi, katika nyumba nyingi za Goma, mgeni akifika anapewa maji yenye siropi nyekundu ya dukani: sukari, rangi na harufu ya chupa. Huko Ulaya kuna akina mama wanaochuma maua ya porini na kuyapika na sukari ili wapate siropi yao wenyewe. Tukajiuliza: sisi watu wa Kivu, je, wazee wetu hawakuwa na siropi ya maua? Kumbe walikuwa nayo. Ni asali, na mpishi wake ni nyuki.

Maji matamu ya ua yanaweza kuwa na maji hata sehemu 80 kwa 100. Nyuki anayabeba tumboni, anawapokeza wenzake mzingani, halafu wote wanapiga mabawa mpaka maji yanabaki chini ya sehemu 20. Mutu akitaka kukausha siropi namna hiyo juu ya mbabula, makala yatamwishia. Nyuki haombi hata kipande kimoja.

Wazee wa Masisi na Rutshuru walisuka mzinga mrefu kama kikapu, wakaupaka mavi ya ng'ombe, wakaufunika kwa majani ya migomba juu ya mvua, wakauweka mtini. Jioni walikuja na moshi wa majani mabichi, wakatoa masega kiasi, wakawaachia nyuki sehemu yao. Asali ilikamuliwa kwa mikono na kuchujwa. Ladha yake ilifuata maua ya fasi ile: kahawa, maharagwe, mikaratusi, hata mubirizi, ule mti ambao majani yake machungu tunayanywa kama dawa ya tumbo. Mti mchungu, asali tamu!

Kule Ituri, Wambuti waliingia msituni kutafuta asali, na mazao ya msitu wakayabadilisha kwa ndizi za wakulima. Kwetu asali ilikuwa dawa ya kikohozi, pombe ya heshima na zawadi ya wakwe. Baadaye sukari ilizoeleka, pamoja na ile ya Kiliba karibu na Uvira, ambayo kiwanda chake kilisimama kwa vita vya 1996. Lakini hata sukari ilipokosekana, watu wengi hawakurudi kwenye mizinga. Kwa nini?

Jibu liko msituni. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Albert, ambayo leo inaitwa Virunga. Mengi ambayo wazee walikuwa wanayafanya humo, kutafuta asali ikiwa moja, yakawa makosa. Familia ziliyopoteza msitu zilipoteza pia ujuzi wake. Kisha mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, mamia ya maelfu, walijaa Kibumba na Mugunga. Walihitaji kuni za kupikia, na miti ilikatwa sana. Mwaka huohuo Virunga ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Baada ya wakimbizi, hamu ya makala ya mji wetu ikaendelea kuula msitu.

Tusiwalaumu tu wachoma makala: sufuria ni zetu. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala, wa shirika la WWF, umewasaidia wakulima kupanda miti ya makala nje ya hifadhi. Tunaona mwenye shamba la mikaratusi anaweza kupata mara mbili: kuni baadaye, na asali wakati miti inachanua. Ila ngojea miti itoe maua kabla ya kuikata.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, kama bado kuna muzee kwenu anayejua kusuka mzinga, mpeleke mtoto akakae naye siku moja. Mwenge ukianguka msituni unaunguza kilima. Moshi wa majani mabichi haumuui nyuki. Tofauti hiyo haifundishwi dukani. Na mgeni akija, mkorogee asali kijiko kimoja katika maji. Atakunywa maua ya kwetu.