Mafuta ya Nazi katika Mapambo ya Mwambao: Ushahidi wa Maneno

Historia ya mnazi katika mwambao wa Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kwa kalamu ya mfanyabiashara na ya karani wa forodha. Twajua kwamba mbata iliuzwa ng'ambo, na ya kuwa katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marseille walinunua ufuta na mbata katika Unguja na bandari za mrima, vikapelekwa Ufaransa kukamuliwa na kufanywa sabuni. Twajua pia hasara iliyoipata minazi ya Unguja katika tufani ya Aprili 1872. Lakini mafuta yaliyopikwa jikoni, yakatiwa asumini na kupakwa nywele za binti wa nyumba, hayakupita forodhani. Hayakulipiwa ushuru, wala hayakuandikwa. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba kimya hicho cha vitabu si dalili ya kukosekana kwa historia. Mambo yasiyopatikana katika hesabu yamehifadhiwa katika lugha.

Tuanze na neno mafuta lenyewe. Asili yake ni ya Kibantu, nalo lasikika hata katika lugha za mbali na bahari yetu: Kilingala na Kishona zina mafuta, na Kizulu kina amafutha. Jina la ufuta nalo latokana na shina hilo hilo. Basi wazee wa lugha hii walikuwa na jina la mafuta kabla hawajaishi chini ya minazi, na walipoujua mti huo walitia kitu kipya katika jina la kale. Mnazi wenyewe una safari ndefu. Uchunguzi wa nasaba za minazi uliotangazwa mwaka 2011 ulitambua makundi mawili makubwa, moja la bahari ya Pasifiki na moja la bahari ya Hindi. Na katika minazi ya Bukini na Komoro yalionekana machanganyiko ya makundi hayo, jambo linalopatana na safari za mabaharia waliotoka visiwa vya mashariki.

Katika maandishi ya wageni, ushahidi wa kwanza una shaka. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, chataja bidhaa za bandari ya Rhapta. Miongoni mwake mna kitu kidogo kiitwacho nauplios. Wako wataalamu waliolisahihisha neno hili liwe nargilios, yaani nazi, na wafasiri wakaandika kuwa Rhapta iliuza mafuta ya mti huo. Lakini Casson, katika tafsiri yake ya 1989, alilichukua kuwa ni aina ya kombe la bahari. Haifai, basi, kujenga historia nzima juu ya herufi chache zilizosahihishwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi watoka kwa Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Katika habari zake za Dhofar, nchi iliyounganishwa na mwambao wetu kwa pepo za musimu, aeleza jinsi nazi zilivyokatwa vipande, zikaanikwa juani, kisha zikapikwa masufuriani mpaka zikatoa mafuta. Asema kwamba watu waliyatumia kwa taa na kwa chakula, na ya kuwa wanawake waliyatia katika nywele zao. Yafaa ikumbukwe kuwa habari hii ni ya Dhofar, wala si ya Kilwa. Hata hivyo yathibitisha kwamba, katika karne ya 14, mafuta ya nazi yalikuwa mafuta ya nywele katika ufuo mmoja wa bahari ambayo wapwani wetu waliisafiri.

Sasa natuyatazame maneno ya kazi hii kama ilivyofanywa nyumbani. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hutiwa maji, na hukamuliwa katika kifumbu. Tui zito la kwanza huitwa kasimile. Masalio makavu ni chicha, nayo ilifaa kusugulia mikono. Tui huachwa usiku kucha mpaka utando mzito upande juu. Utando huo hupikwa kwa moto mdogo hata maji yakauke na mafuta yajitenge na mashapo. Mafuta haya ya tui si sawa na yale ya mbata, yaliyokamuliwa katika vinu vilivyozungushwa na ngamia. Ya kwanza yalikuwa kazi ya wanawake jikoni. Ya pili yalikuwa mali ya kinu na soko. Anayeandika "mafuta ya nazi" bila ya kupambanua amekwisha kuzifanya historia mbili kuwa moja.

Baada ya jiko huja mapambo: asumini, mkadi na rihani hutumika kuyapa mafuta harufu, liwa husagwa juu ya msio, kikuba hufungwa. Kitendo chenyewe cha kuusugua mwili kwa mafuta au manukato kina jina lake, kusinga, na bibi arusi husingwa na somo au kungwi wake. Neno hili si la jana: Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi wake wa 1858, amwagiza binti yake kujisinga, na hataji haja ya kumfafanulia. Neno lisilohitaji maelezo ni neno lililokwisha kukaa katika desturi.

Wala desturi hiyo haikuwa ya urembo mtupu. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa India, Rele na Mohile, walionyesha kwamba mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini ya nywele kuliko mafuta ya alizeti au ya madini. Waliyoyapima kwa vyombo, wapwani walikuwa wakiyatenda kwa mikono.

Mafuta ya kiwandani yanunuliwapo dukani, kifumbu hukosa kazi, na chombo kikikosa kazi jina lake hufuata. Hapo ndipo ulipo wajibu wa wachunguzi wa lugha. Yafaa majina ya kazi hii yakusanywe kwa utaratibu, lahaja kwa lahaja, kutoka Kiamu na Kimvita hata Kiunguja na Kipemba, na kila neno liandikwe pamoja na kitendo chake, chombo chake na mtu aliyekitenda. Kamusi ikiandika kwamba kifumbu ni kikapu tu, itakuwa imesema kweli; lakini itakuwa imewaondoa katika historia wanawake waliokamua tui kwa kikapu hicho, na hao hawana daftari jingine la kutajwa.